Safu Moja, Funda Moja

Kama umepasuliwa tumbo na umerudi nyumbani, kitu cha kwanza utakachokiogopa ni kikombe cha maji. Najua. Mimi nilikiogopa mpaka nikakaribia kufa, na kwa sababu ya woga wangu huenda mtu mwingine alikufa kweli. Nimeanza kuandika haya mara saba. Kila mara nilipofika kwenye jina lake nilichana karatasi. Safari hii naliandika mapema, lisije likanishinda tena. Felista. Felista wa kisiwa cha Chisenga.

Mimi naitwa Mado. Mama yangu ni mtu wa Kilwa, upande wa Zaire, lakini tunakaa Kashikishi, ng'ambo ya pili ya ziwa, tangu nilipokuwa mgongoni mwake. Shule niliacha darasa la pili. Kusoma na kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa katekisimu ya mama na vipande vya magazeti vilivyofungia sabuni sokoni. Nasema hivyo ili usitafute humu maneno ya daktari. Sina. Nina yale yaliyopita mwilini mwangu tu.

Kazi yetu ni kukausha samaki. Pwani nzima ya Kashikishi nilikuwa na sifa moja: samaki wa Mado hawaozi. Wachuuzi waliokuwa wanapeleka mzigo Kitwe au Lubumbashi walinijua kwa jina. Samaki mpana wa ziwa letu, tunayemwita pale, nilimpasua kutoka mgongoni, nikamtoa matumbo yote, nikasugua chumvi mpaka kwenye pembe za mifupa, nikamtandaza juu ya kichanja cha mafunjo. Alipokauka nilimchukua na mwenzake nikawagonganisha. Wakilia kama mbao, wako tayari. Wakilia kama viatu, nawarudisha juani, hata kama gari limewasha injini na dereva ananitukana.

"Mado," wanawake wenzangu walinicheka, "siku moja tutakuacha peke yako hapa, utakausha hata ziwa."

Sikukasirika. Niliona ni sifa.

Tumbo lilianza kuniuma nikiwa na miaka kumi na sita. Lilikuwa moto mdogo chini ya mbavu, ambao ulilala nikila na kuamka nikikaa na njaa. Mimi nilikaa na njaa sana, kwa sababu sikuweza kula kabla safu ya mwisho haijatandazwa sawasawa. Miaka minne nilitafuna udongo wa kichuguu na kunyamaza. Halafu asubuhi moja mwanzoni mwa Septemba, upepo wa baridi ukivuma kutoka ziwani, kitu kilichanika ndani yangu. Nilianguka juu ya samaki. Kaka yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, alinifunga kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kuisukuma mpaka hospitali ya misioni, mama akikimbia pembeni na kunishika kichwa.

Nakumbuka benchi la kungojea. Nakumbuka mzee mmoja alisogea ili nilaze miguu, akafunika nyayo zangu kwa kofia yake. Sikumwona tena, sijui jina lake. Kisha sikumbuki kitu.

Nilipoamka, kipande kikubwa cha tumbo langu hakikuwepo tena. Muuguzi mmoja Mbemba, mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi, alinionyesha ngumi ya mtoto wa kitanda cha pili. "Tumbo lako sasa ni kama hii," alisema. Siku tano sikuruhusiwa kunywa. Maji yaliingia kwa sindano mkononi, na midomo yangu waliipaka pamba yenye unyevu. Niliota ziwa. Niliota nimelala chali ndani yake na mdomo wazi.

Kitanda cha kushoto alilala Felista. Naye alikuwa amepasuliwa tumbo kwa ugonjwa kama wangu, siku ile ile niliyopasuliwa mimi. Alikuwa na umri wangu, mweusi, mwembamba, na mwanya katikati ya meno, na hakuweza kunyamaza. Mama yake, Bana Felista, alilala chini, kwenye mkeka kati ya vitanda vyetu. Nyumbani walikuwa wanauzia Wakongomani samaki, kwa hiyo Felista alijua Kiswahili cha biashara na alikipenda kupita kiasi.

"Weye njo ule Mado wa samaki kavu?" aliniuliza siku niliyoweza kugeuza shingo. "Ku Chisenga batu banakuimba. Banasema eti samaki yako inaweza kupigia mutu ku kichwa na kumuua."

"Usinichekeshe," nilimwambia. "Nyuzi zitakatika."

"Basi tutakufa tunacheka."

Siku ya sita muuguzi alileta maji katika kikombe cha kupimia dawa, kidogo kama yai la njiwa. Alituambia kwa Kibemba: panono panono. Kidogo kidogo. Kikombe kimoja, pumzika, kingine, pumzika, kutwa nzima, bila kuacha. Usimeze kwa pupa. Usinywe pamoja na chakula, kwa sababu ndani hamna nafasi ya vyote viwili. Alitupa kila mmoja karatasi na penseli, tuchore mstari kwa kila kikombe.

Nilikuwa nimengojea maji yale kama mtu anavyongojea mchumba. Nikayapokea yote kwa mkupuo mmoja.

Sijui niseme nini kuhusu maumivu yale. Yalikuwa kama kumeza ngumi. Jasho lilinitoka, moyo ulikimbia, kisha yote yakarudi kwa njia iliyoingilia. Mama alilia. Nami nilipokuwa nimelala pale nikitetemeka, akili yangu ikaenda mahali ilipozoea kwenda. Ikaenda kichanjani.

Fikiri kama mimi. Nilikuwa nimepasuliwa. Matumbo yangu yalikuwa yameshikwa na kusafishwa. Nilijua tangu utotoni kitu kilichopasuliwa kinataka nini. Kinataka ukavu. Ukimwachia samaki unyevu kidogo tu pale ulipopita kisu, huozea hapo hapo, na ukimfunua baada ya siku mbili unakuta mabuu. Huo ndio ujuzi pekee niliokuwa nao duniani, na haukuwahi kunidanganya.

Kikombe kilichofuata nilikimwaga mchangani, nje ya dirisha. Nikachora mstari. Mistari yangu ilikuwa mizuri, yote urefu mmoja. Muuguzi aliisifu.

Felista aliniona.

"Juu ya nini unamwanga mayi?"

Ningeweza kunyamaza. Kila siku narudi kwenye saa ile na kujaribu kunyamaza. Lakini nilimwambia, tena kwa sauti ya fundi anayefundisha. "Samaki ukimupasua, unamuachia mayi mu tumbo?"

"Hapana."

"Angeoza wapi kwanza?"

Alifikiri. "Pale kisu ilipita."

"Njo vile. Na siye tumepasuliwa."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Donc, basi siye tuko mapale! Mado, hata chumvi walituwekea?" Lakini naye alikuwa na maumivu ya kila kikombe, na maneno yangu yalimpa ruhusa aliyokuwa anaitafuta. Kuanzia siku ile tulimwaga wote wawili. Alilowesha ulimi tu, kisha kilichobaki kikaenda dirishani, na alipomaliza alikigeuza kikombe juu chini mbele ya mama yake kama mtoto aliyekunywa dawa. Bana Felista alifurahi. "Mwana mwema," alimwambia.

Sindano ya maji ilikuwa bado mikononi mwetu, kwa hiyo hatukuona ubaya. Hata tulijiona werevu. Waliiondoa siku ya kumi. Felista aliruhusiwa kwanza, na mtumbwi wa kwao ukaja kumchukua. Alisimama mlangoni ameegemea bega la mama yake.

"Nitakauka muzuri," aliniambia. "Ukikuya Chisenga utanigonga, utasikia sawa mbao."

Nami nilimjibu: "Usikunwe sana. Ramba tu."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema.

*

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa Septemba. Oktoba ikafika na jua lake, lile linalofanya mchanga wa Kashikishi uchome nyayo kabla ya saa nne asubuhi. Mama alinitengea chungu cha maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kingine cha munkoyo mwepesi, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi. Kila alipopita alinijazia kikombe. Kila alipogeuka niliramba kidogo, kisha nikaenda kumwaga kilichobaki nyuma ya nyumba.

Mwili ulibadilika upesi. Vitenge vilinizunguka mara mbili. Mashavu yalizama, na hayo niliyategemea, maana nilikuwa nakula vijiko vitatu vya uji. Lakini kulikuwa na mambo mengine. Ulimi ulikuwa unagandana na kaakaa, nikiongea ulisikika. Mkojo ulikuwa mara moja kwa siku, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Nikisimama, nyumba ilizunguka. Nikifinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, na nakiri kwako aibu hii: niliifinya mara nyingi, na nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa nakauka vizuri.

Yaya hakufurahi. "Mama, huyu mutoto anaisha. Kila siku anapunguka."

"Anakunwa," mama alimjibu. "Minamupa mi mwenyewe. Kikombe inarudia tupu, bila kintu."

"Basi mayi inaenda wapi?"

"Unaniuliza mi? Uliza Mungu!"

Waligombana hivyo kutwa, watu wawili wanaonipenda, huku mimi nimekaa katikati nikijua jibu. Majirani walianza kusema kuna mkono wa mtu. Shangazi mmoja wa sokoni alileta mzizi wa kufunga kiunoni. Mama akaufunga, akaendelea kunijazia vikombe, na akaacha kunitazama machoni.

Siku moja karibu na mwisho wa Oktoba nilitaka kugeuza samaki. Nilikuwa nimekatazwa kazi, lakini safu moja ilikuwa imetandazwa upande upande na sikuweza kuvumilia. Niligeuza wa kwanza, wa pili. Kisha mikono ikakakamaa, vidole vikajikunja vyenyewe kama makucha ya kuku, na jua likazimika.

Benchi lile lile la hospitali. Sindano ile ile, ila safari hii muuguzi alinichoma mara tano kabla ya kupata mshipa, kwa sababu mishipa yangu ilikuwa imejificha. Alifinya ngozi yangu, akanitazama. Akamwita mama nje, nikamsikia akimwambia sina maji mwilini.

Mama aliondoka, akarudi jioni. Mkononi alikuwa na jani.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mvua haijanyesha tone, hata majani ya mihogo yamelala. Lile lilikuwa jani la boga, pana, bichi, lenye manyoya, linalong'aa. Mbegu iliyotupwa na mtu nyuma ya nyumba yetu ilikuwa imeota na kutambaa mpaka kwenye ukuta, peke yake katika uwanja mzima wa vumbi.

Aliliweka juu ya kifua changu.

"Mado. Nani alikunwa mayi yako?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu kisu, na mabuu, na mahali panapoozea kwanza. Nilingoja anipige. Mama yangu amekausha samaki miaka thelathini. Kama kuna mtu ambaye angeweza kunielewa, ni yeye, na nadhani alinielewa, kwa sababu alipitisha kidole katikati ya jani, kama tunavyopitisha kisu.

"Samaki," alisema, "tunamukausha juu ya vile alishakufa. Weye uko muzima, mwanangu. Mutu muzima hapana kukaushwa."

Akalaza kichwa kando ya mkono wangu wenye sindano. Hapo ndipo nilipomkumbuka Felista. Niliomba wampeleke Yaya Chisenga, leo, sasa hivi, amwambie anywe. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakaamka kwenye vitanda vyao.

Yaya alipata mtumbwi asubuhi iliyofuata. Alirudi siku ya tatu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu na kofia yake magotini.

"Nilichelewa," alisema. "Walishamuzika. Siku nane imepita."

"Alikufa na nini?"

"Homa, banasema. Alikuwa anaongea bila akili. Banasema alikuwa mukavu sana."

Nilimuuliza muuguzi. Aliniambia mtu aliyepasuliwa anaweza kufa kwa mambo mengi: kidonda, malaria, damu. Alisema hatuwezi kujua. Alisema hivyo kwa huruma, nami nimelipokea neno lile kila siku tangu wakati huo, na kila siku limekataa kukaa.

*

Nilirudi nyumbani na mvua za kwanza. Hatukuwa na saa, kwa hiyo mama alitunga njia yake. Alinikalisha kwenye kigoda kando ya kichanja, na kikombe mapajani. Alipomaliza kugeuza safu moja ya samaki alisema, "Funda." Nikanywa funda moja, nikaliweka mdomoni mpaka lipate joto, nikalishusha. Akaenda safu ya pili. "Funda." Siku za mvua samaki walipohamishiwa kwenye kibanda cha moshi, alinihamishia humo pia, machozi yakitutoka wote.

Hiyo ndiyo njia ninayokupa. Kama hukaushi samaki, tafuta kazi nyingine inayorudi rudi: kupalilia mstari, kushona upindo, kusokota kamba. Jifunge nayo. Usingojee kiu, maana kiu yangu ilikuwa imekufa na haikunionya. Tazama mkojo wako bila haya. Ukiwa wa manjano hafifu kama majani makavu uko salama, ukiwa chai umechelewa. Maji yakiuma, yapashe moto kidogo. Yakiuma bado, punguza funda, lakini usiache.

Kunywa kwangu hakukuwa na amani. Kila funda nilimsikia Felista upande wa kushoto akilowesha ulimi. Nilikuwa namwekea nafasi kwenye kigoda bila kujua. Mama aliponiuliza kwa nini nimekaa pembeni, sikuweza kumwambia. Mwili ulinenepa, mishipa ikarudi juu ya mikono, nami niliona haya kwa kila kilo.

Mvua zilipokwisha na njia ya maji ikatulia, nilimwomba Yaya anipeleke Chisenga. Mama alinikataza. "Unaenda kutafuta nini? Batakupiga."

"Acha banipige," nilisema.

Bana Felista alikuwa kichanjani kwake, anageuza mapale. Alinitambua kabla sijashuka kwenye mtumbwi. Hakutoa salamu. Yaya alibaki majini, ameshika kamba. Nilipiga magoti kwenye mchanga, kama desturi yao inavyotaka mbele ya mzazi, na nikasema niliyokuja kusema: ni mimi niliyemfundisha mwanao kumwaga maji, na nilimfundisha uongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Upepo ulikuwa unageuza geuza kitambaa chake cha kichwa.

"Aliniambia," alijibu. "Siku ya mwisho, akili ilipomurudia kidogo. Alisema, Mado wa Kashikishi anajua kukausha. Mi nikafikiri ni homa inasema."

Akaingia ndani. Nilijua anatafuta mchi au jiwe, na sikuinuka. Alitoka na kikombe cha bati, kile kikubwa cha wageni, kimejaa maji mpaka mdomoni. Akaniwekea mikononi.

"Nwa," alisema.

Akarudi kwa samaki wake, akanipa mgongo. Nilikunywa funda, nikangoja amalize safu. Nikanywa jingine. Hakujua hesabu yangu, au labda aliijua. Kila mwanamke wa ziwa lile hufanya kazi kwa safu. Jua lilisogea. Yaya alikaa ndani ya mtumbwi. Tumbo langu dogo lilijaa, likauma, likatulia, nami niliendelea mpaka bati likaonekana chini.

Nilimnyooshea kikombe. Kisha, bila kufikiri, nilifanya kile wagonjwa wote hufanya: nilikigeuza juu chini, aone hamna hata tone.

Mikono yake ilisimama juu ya samaki.

"Naye alikuwa ananionyesha hivyo hivyo," alisema. "Kila siku. Kikombe kitupu. Mi nikasifu kikombe."

Wewe unayemuuguza mtu wako nyumbani, nilikuwa nimekuandikia ushauri mrefu hapa, nimeufuta. Chukua huu wa Bana Felista.

Alikwenda kwenye mtungi, akakijaza kikombe tena mpaka mdomoni. Safari hii hakurudi kichanjani. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, na macho yake akayaweka kwenye koo langu.

"Tena," alisema. "Panono panono. Nikuone unameza."